Neno la Kumwamsha Amisi

Sifa alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa nimeketi nyuma ya cherehani yangu sokoni Kasongo, nikishona kola ya shati la mtu asiyejua anataka nini. Simu za Sifa huwa ndefu. Huanza na joto la Kindu anakoishi siku hizi, hupita kwa wajukuu mmoja mmoja, ndipo hufika kwenye jambo. Siku hiyo hakupita popote. "Feza," alisema, "Amisi amekufa. Mara hii ni ya kweli." Nilicheka. Naona aibu kuliandika, lakini nilicheka, na yeye upande wa pili akacheka kidogo. Amisi alikuwa mcheza filamu, na kazi yake katika filamu ilikuwa kufa. Nilimwona akifa kwa risasi, kwa sumu, kwa kuanguka kisimani. Mchana ule kijana anayetengeneza simu jirani yangu alinionyesha picha zilizotumwa kutoka Dar es Salaam: jeneza, wanaume wachache wenye kofia nyeupe, mchanga mwekundu. Nilizitazama kwa muda mrefu, nikitafuta kamera ilisimama wapi.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo hayahusiani na jambo linalonikosesha usingizi. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka vita vilipotulia huku kwetu, njia zikafunguka, watu wakaanza kutoka msituni wamekonda, na mwalimu Kalenga akaamua kwamba kitu kinachokosekana Kasongo ni mchezo wa kuigiza. Watu walikosa chumvi, sabuni na dawa ya malaria. Yeye aliona mchezo. Alikuwa mwalimu wa shule, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na sebule yake karibu na paroasi, yaani parokia ya padri, ndiyo ilikuwa mahali petu pa mazoezi. Bati lilikuwa limetobolewa na risasi sehemu tatu, na jua la alasiri lilipopita humo liliweka madoa matatu ya mwanga sakafuni. Kalenga aliyatumia kutuonyesha pa kusimama. "Sifa, weye uko kwa doa ya kwanza," na Sifa anasimama hapo. Jua likisogea, nasi tunasogea, hivi kwamba mchezo ulioanzia dirishani ulimalizikia mlangoni mwa jiko, ambako mke wa Kalenga alikuwa akipika wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na harufu ile iliwafanya waigizaji waharakishe maneno yao. Tulikula sinia moja wote, Waislamu na Wakristo, na aliyekosea maneno yake alinawa mikono wa mwisho. Mimi sikuwahi kunawa wa mwisho. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na daftari lenye mchezo mzima, na kumnong'oneza mwigizaji neno lake linapompotea. Kalenga alikuwa na jina la Kifaransa kwa kazi hiyo, sufulere, na alilitamka kana kwamba ni cheo cha serikali. Mbele ya wageni alipenda kusema, "Huyu Feza hakosei. Hasemi mbele ya wakati, hasemi nyuma ya wakati." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa mzuri wa sura kama Sifa, na hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa lolote. Maneno yale nilitembea nayo mji mzima.

Amisi alifika msimu wa mahindi mabichi, akitokea Kalemie pamoja na wafanyabiashara wa chumvi, ana sanduku moja na miwani ya jua. Kabla hajatua sanduku, watoto walikuwa wamemzunguka wakimwita Marehemu. Sote tulimjua. Katika nyumba ya video pale sokoni, yenye jenereta ya kukohoa na mabenchi yaliyotoka katika kanisa lililoungua, tulikuwa tumemwona mara nyingi kwenye kaseti zilizoletwa kutoka Dar es Salaam. Alikimbilia huko wakati wa vita, kijana wa Kabambare asiyejulikana na mtu, na watengeneza filamu wa kule wakampenda kwa uso wake mwembamba na kwa namna alivyoweza kuzuia pumzi. Katika filamu moja alikufa mwanzoni kabisa, na mazishi yake yalionyeshwa yote: pamba puani, sanda, sala, kuteremshwa kaburini, mchanga. Vita vilikuwa vimetuchukulia watu wengi ambao hatukuwaona wakizikwa, na sasa pale mbele yetu kulikuwa na mtu wa kwetu, tunayemsikia hata lafudhi, akizikwa taratibu na kwa heshima. Wanawake walilia, na sidhani kama walimlilia yeye.

Kalenga alimchukua nyumbani kwake siku hiyo hiyo, akamlaza katika chumba cha kuwekea mpunga, akampa nafasi kubwa katika mchezo tuliokuwa tukiuandaa. Tulidhani mcheza filamu atatufundisha sisi. Kumbe mchezo wa jukwaani hakuujua hata kidogo. Alisema maneno yake chinichini, kana kwamba sikio la kila mtu liko mdomoni mwake, na aliyekaa benchi la tatu hakuambulia kitu. Alitazama mahali pamoja tu, pale ambapo kamera ingekuwa. Mara ya kwanza mbele ya watu, katika ukumbi wa paroasi, alikosea sentensi, akasimama, akainua mkono, akasema kwa upole kabisa, "Turudilie." Watu walicheka mpaka Kalenga akavuta pazia. Lakini tatizo lake kubwa lilikuwa jingine: hakuweza kuanza jambo bila mtu kumwambia aanze. Alinieleza siku moja tumekaa kwenye baraza ya Kalenga, akimenya karanga, zile nzima akinipa mimi, zilizovunjika akila mwenyewe. Katika filamu, alisema, unalala, au unasimama, au unashika kisu, na hakuna kinachotokea mpaka mtu wa nyuma ya kamera atamke neno lake. Akishatamka, mwili unaondoka wenyewe. "Miye nimefanya ile miaka mingi," aliniambia. "Bila ile neno, mwili yangu hainisikie." Basi tukapatana, yeye na mimi, bila kumwambia Kalenga. Kila anapotakiwa kuanza, mimi nimnong'oneze kutoka nyuma ya pazia: twende. Nililiandika neno hilo daftarini kwa penseli, kila mahali pake. Tangu hapo Amisi akawa mwigizaji mwingine. Sauti ilitoka, macho yalizunguka, na watu wa Kasongo wakaanza kumwita Marehemu kwa mapenzi. "Weye njo kamera yangu sasa," aliniambia, kwamba mimi ndiye kamera yake, nami niliringa wiki nzima.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Tajiri anakufa, ndugu zake wanagombania vyombo, baiskeli na mbuzi juu ya maiti yake, mpaka anabaki mke wake peke yake, ambaye hakutaka kitu. Mke, ndiye Sifa, anapiga magoti anasema, "Basi, sasa nani atanijibu mimi?" Hapo maiti, ambaye alijifanya amekufa ili awajue ndugu zake, anakaa na kuuliza chakula chake kiko wapi. Shehe na padri walikubaliana kwa jambo moja mwaka ule, kwamba sanda ya kweli isipande jukwaani, kwa hiyo tulimfunika Amisi kitambaa cheupe cha meza cha mke wa Kalenga. Tulifanya mazoezi ya sehemu hiyo siku ambayo mfanyabiashara mmoja wa Kabambare alikuja kununua mpunga, na kwa kuwa chakula kilikuwa tayari, akakaribishwa. Alikula matonge mawili, akamtazama Amisi aliyekaa mbele yake, akaacha kula. "Weye mutoto ya Mama Mwamini?" aliuliza. Amisi akajibu ndiye. Yule mtu akapangusa vidole vyake polepole. "Baba, kwenu walikwisha kukufanyia matanga." Kaseti ile ya mazishi ilifika Kabambare pia, alieleza. Majirani walimleta mama yake aione, wakidhani watamfurahisha kwa kumwonyesha mwanawe amekuwa mtu mkubwa. Aliitazama mpaka mwisho, akaomba irudishwe nyuma, akaitazama tena, akaenda nyumbani akatandika mkeka, akalia. Watu wakamfuata. Walisoma hitima, walikula wali wa matanga, siku zikatimia. "Hawakumwambia ni sinema?" aliuliza Kalenga. "Walimwambia. Akasema: nimeona uso yake." Amisi alimaliza tonge lililokuwa mkononi mwake, akanawa, akatoka nje akasimama akiegemea ukuta. Hakuna aliyemfuata.

Jioni ile nilikuwa jikoni nikisugua sinia, na ukuta wa Kalenga haukuweza kuficha neno. Nilimsikia Amisi akimwambia Kalenga kwamba aliondoka Kabambare bila kumuaga mama yake, kwa sababu angemzuia. Kwamba miaka mitano hakumpelekea barua, kila anayoanza inamshinda. Kwamba tangu mwanzo safari yake ilikuwa ya kwenda kwake, ila ujasiri ulimwishia njiani, akapitiliza mpaka Kasongo. Ndipo nilipojua kwamba hakuja kwetu kwa ajili ya mchezo wowote. Alimtuma yule mfanyabiashara akamwambie mama yuko hai, na baada ya wiki tatu jibu lilikuja kwa mdomo wa mwendesha baiskeli: "Watu watatu walikwisha kuja kuniambia mutoto yangu anaishi, wote wakakula kuku yangu. Miye nilizika. Waniache." Amisi alilisikiliza jibu hilo mara mbili. Kisha akasema mchezo wetu uende Kabambare. "Aliniona nazikwa kwa sinema," alisema. "Anione naamuka mbele yake, na macho yake, na watu wote iko pale." Kalenga alilipenda wazo, kwa kuwa alipenda chochote chenye watazamaji. Sifa peke yake aliuliza, "Lakini, kwa nini usiende tu kwa mulango, ubishe hodi?" Amisi alimtazama kana kwamba amemtuma kuvuka mto Lualaba kwa miguu. "Nikibisha hodi, nitasema miye nani?"

Leo nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao Mama Mwamini, na nina watoto wangu walioko mbali, na bado sijui kama wazo lile lilikuwa la kipumbavu. Kuna watu hawawezi kusema jambo lao mpaka wavae jina la mtu mwingine. Amisi alikuwa hivyo. Nilimpenda, na tuseme tu, ingawa hakuna kilichopita kati yetu zaidi ya karanga. Nilitaka aamke mbele ya mama yake kuliko nilivyotaka jambo lolote la kwangu mwenyewe, na nilitaka iwe kwa neno langu.

Tulisafiri kwa pikipiki tatu, na mabegi ya mavazi yamefungwa kwa mpira, siku mbili kwa ubovu wa njia. Tulipofika Lusangi, wachimbaji wa dhahabu walituomba tuchezee hapo hapo, miguu yao bado ina udongo wa shimo, na Kalenga akawafanyia kipande. Kabambare tulipewa uwanja wa shule na jukwaa lake la udongo. Pazia lilikuwa vitenge viwili nilivyoviunganisha mwenyewe, na mbele yake tuliweka meza mbili na godoro la nyasi, ambapo Amisi angelala kichwa chake kikiwa upande wangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa nywele. Tulianza saa tisa alasiri. Nilichungulia katika mshono nikamwona mwanamke mwembamba akiletwa na jirani zake wawili, kajitanda mtandio mweupe, akatandika mkeka wake mwenyewe mbele ya mabenchi, akakaa akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake msibani. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Uso ulikuwa ule ule. Amisi alikuwa ameshafunikwa. Nilimwambia, "Amefika." Akajibu bila kutikisa midomo, "Usinisahau."

Watu walicheka vizuri. Ndugu walipogombania baiskeli, mzee mmoja alisimama akawaelekeza ni nani mwenye haki nayo. Mama Mwamini hakucheka wala hakulia. Ikafika sehemu ya mwisho, ndugu wakatoka, Sifa akabaki peke yake akapiga magoti. Alifungua kinywa kusema sentensi yake. Mama Mwamini akasimama, akavua ndala zake, akapanda jukwaani. Hakuna aliyemzuia, kwetu mama akiiendea maiti ya mwanawe huwezi kumshika mkono, hata kama maiti ni ya mchezo. Alikaa ukingoni mwa meza, akafunua kitambaa mpaka kidevuni, akamnyoosha mkono mmoja uliokuwa umejikunja. "Baba, ni miye," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya nyumbani, na uwanja mzima ulisikia. "Nilichoka kungoja, njo maana nilikuzika. Walisema ningoje tena, nikashindwa. Kama nilikosea, unisamehe." Akaweka kiganja chake juu ya shavu la Amisi, akakiacha hapo. Midomo ya mama ilikuwa ikienda bila sauti, kama ya mtu anayesali.

Nilikuwa na daftari magotini. Katika daftari, neno langu lilikuja baada ya sentensi ya Sifa, na Sifa hakusema sentensi yake. Alikuwa amepiga magoti pale machozi yanamtiririka, amesahau kila kitu. Niliona mshipa wa shingo ya Amisi ukipiga. Alikuwa akingoja. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, fupi kiasi kile, na sikulisema, kwa kuwa hatukuwa tumefika kwenye mstari wake. Baadaye nilijieleza kwa namna nyingi: kwamba niliogopa mama angezimia, kwamba haikuwa halali kukatiza sala. Hayo niliyatafuta baadaye. Saa ile ile nilikuwa nafuata daftari, kwa sababu mimi ndiye Feza asiyesema mbele ya wakati. Mama Mwamini alingoja, akangoja, kisha akamfunika uso, akashuka, akatafuta ndala zake kwa miguu, akapita katikati ya watu waliompisha. Mkeka wake ulibaki. Sifa alijikaza akasema, kwa sauti iliyopasuka, "Basi, sasa nani atanijibu mimi?" Nami nikasema twende. Amisi akakaa, akauliza kwa sauti kubwa chakula chake kiko wapi, na watu wakaangua kicheko na makofi ambayo sijawahi kuyasikia tena. Yeye alikuwa akiutazama mkeka.

Hakunilaumu. Tulipokuwa tukikunja pazia alinijia akanishika bega. "Afazali haukusema," aliniambia. "Ningemuua na woga. Ameaga mutoto yake, basi, amepumuzika. Tumuache." Nilikubali kushukuriwa. Nilikula vizuri jioni hiyo, wali na samaki wa kukaushwa, na Kalenga akarudia mbele ya wenyeji wetu kwamba Feza hakosei.

Asubuhi Kalenga alinituma nikamrudishie Mama Mwamini mkeka wake. Nyumba ilikuwa kando ya njia ya kutokea mjini, imefagiliwa mpaka nje ya ua. Alinikaribisha ndani, akanipa chai na mikate miwili katika kisahani cha bati, akauweka mkeka mahali pake nyuma ya mlango. Kitanda kimoja, stuli mbili, mtungi, na juu ya msumari shati la mwanaume lililofuliwa likafifia. Nilikuwa nikifikiri jinsi ya kumwambia kwa upole kwamba tunamhurumia kwa msiba wake. Akaniuliza, "Weye njo ulikuwa nyuma ya pazia?" Nikasema ndiyo, mama. "Miye nimeosha maiti mingi," alisema. "Mukono yangu inajua. Uso yake ilikuwa moto." Nilirudisha mkate kwenye kisahani. Aliendelea kusema bila hasira, akitazama mlango. "Nikasema, ananingoja nimalize, kisha ataamuka. Nikamaliza. Nikasoma Fatiha. Nikasoma tena. Nikasema, labda iko na haya mbele ya watu, nimupe wakati. Hakuamuka. Nikajua hanitaki. Nafika kwa kisima, nasikia watu wanacheka, wanapiga mikono. Wale aliwaamukia."

Nilimwuliza, kwa kuwa ilinibidi kusema kitu, kama aliamini kweli ile kaseti. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa mtu. "Nilijua ni sinema. Miye si mujinga, mwanangu. Lakini nilichoka kuamuka kila siku na kutazama njia. Nilitaka mahali ya kulilia, ile kaseti ikanipa." Kisha akauliza tutaondoka saa ngapi. Nikasema baada ya chai. "Mutapita hapa. Umwambie nitasimama kwa njia. Miye sitamuita. Akisimama, amesimama. Akipita, nitajua." Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikamaliza chai yangu, kwa adabu, nikashukuru, nikatoka.

Kutoka pale hadi shuleni ni mwendo wa dakika kumi, na katika dakika hizo nilifanya hesabu yangu. Nikimwambia Amisi, atasimama njiani. Akisimama, mama atamwuliza kwa nini hakuamka, naye atajibu kwa kuwa neno halikuja. Wote wawili watageuka wanitazame mimi. Ndicho nilichoogopa, na hakikuwa kitu kikubwa zaidi ya hicho: nilikuwa nimesifiwa mwaka mzima, na bega langu bado lilikuwa na joto la mkono ulionishukuru. Nilijiambia nitamwambia tukifika Kasongo, kwa utulivu, na atarudi peke yake bila mchezo wala watazamaji. Tulipofika Kasongo nilijiambia baada ya wiki. Mama Mwamini alifariki kabla ya mvua nyingine kuanza, na habari iliyoletwa na wafanyabiashara ilisema hakuugua muda mrefu. Siku tatu baadaye Amisi alifunga sanduku lake, akarudi Dar es Salaam. Jukwaani hakupanda tena maisha yake yote. Katika filamu aliendelea kufa, miaka mingi, hata nywele zilipokuwa nyeupe, na mimi nilizitafuta zote, kwanza kwenye kaseti, kisha kwenye simu za watoto, na kila alipolala amefumba macho mwili wangu ulikakamaa ukingoja nani atamwambia. Hapa sokoni vijana wa pikipiki huita siku nzima, "Mama, twende? Twende?" Wanafikiri nina kiburi, kwa kuwa siwajibu, natembea kwa miguu.

Sifa hajui. Kalenga alikufa bila kujua. Nilipocheka kwenye simu asubuhi ile, kabla ya huzuni kunifikia, nilisikia ndani yangu kitu kinachofanana na unafuu, kwamba sasa hataniuliza kamwe, na ni unafuu huo unaonitisha kuliko kifo chake. Nilidhani ninangoja siku ya kumwambia. Kumbe nilikuwa nangoja hii.

Tuliondoka Kabambare jua limeshapanda. Pikipiki ya Kalenga ilitangulia, ya Sifa ikafuata, yetu ikawa ya mwisho: dereva, Amisi katikati, mimi nyuma nikiwa nimemkumbatia, begi la mavazi likiwa kati yetu. Alijifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, na tulipoanza kuteremka kuelekea nyumba ya mwisho nilihisi mgongo wake ukijikunja. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mgongo wa dereva. "Feza," aliniambia, "tunafika kwetu. Miye siwezi kutazama. Unitazamie weye. Mama iko kwa njia?"

Alikuwapo. Alisimama nje ya ua wake, kando kabisa ya njia, amejitanda ule mtandio mweupe, na mikono yake ilikuwa imeshikana mbele. Alimtazama Kalenga akipita. Alimtazama Sifa akipita. Kisha akatutazama sisi, akaona kichwa kilichoinama, akayainua macho yake kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa ujumbe. Tulikuwa karibu kiasi cha kuona midomo yake imekauka.

"Haiko," nilimwambia Amisi. "Haiko mutu."

Aliitikia kwa kichwa, kisha akamgonga dereva begani aongeze mwendo.